Ukiniambia mkono, nioneshe

Mimi ni muuguzi hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanyia chumba cha plasta, pale watu wanapokuja kufungwa hogo, yaani ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika. Huja mkwezi aliyeteleza mnazini. Huja kijana wa bodaboda, mchuma machungwa wa Muheza, mtoto aliyeanguka mwembeni, bibi aliyeteleza uani akienda kutia udhu. Ukiwauliza kinachowasumbua, wengi wanakujibu neno moja tu: "Mkono."

Neno hili tunalitamka tangu utotoni na hakuna anayeona haja ya kulifafanua. Mimi kazi yangu imenilazimisha. Mkono wetu unaanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole, na ndani yake mna mifupa 30. Mmoja ni ule mnene wa juu, miwili iko kwenye kigasha, kile kipande cha kutoka mkono unapokunjwa katikati hadi panapovaliwa saa, na 27 iliyobaki imejazana kuanzia kifundo kwenda chini: 8 midogo ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "nimevunjika mkono" amesema kweli, ila bado hajaniambia wapi.

Madaktari wanafunzi wanaotoka Ulaya kuja kujifunza kwetu ndio wanaokwama zaidi. Kwao kipande cha kuanzia kifundo hadi vidoleni kina jina lake, na kipande cha juu kina jina jingine. Mkalimani akishachagua moja kati ya hayo mawili, basi. Nimewahi kumkuta daktari kijana akibonyeza vidole vya mzee wa Tongoni kimoja kimoja, kwa upole kabisa, na mzee amekaa kimya kwa adabu, bega limechomoka. Nilipomwuliza, "Shikamoo babu, hebu nioneshe kwa mkono wa pili panapouma," akagusa bega mara moja. Hakuna aliyekuwa amemwomba aoneshe.

Wenyewe kwa wenyewe nasi tunapotezana, na neno gumu kuliko yote ni kiwiko. Waliosomea sayansi shuleni hukiweka pale mkono unapokunjwa katikati. Lakini wapo wazee wa pwani ambao kiwiko cha mkono kwao ni huku chini, panapovaliwa saa, kama vile kiwiko cha mguu kilivyo juu kidogo ya unyayo. Pale pa katikati wao wanapaita kivi, wengine kisukusuku, wengine kisugudi. Kifundo nacho hivyo hivyo. Wodini tunaposema kifundo cha mkono tunakusudia panapovaliwa saa, na huku kuna watu wazima waliofundishwa chuoni kwamba katika udhu mikono huoshwa mpaka vifundoni, na kwao kifundo hicho ni kivi. Katika kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, mama mmoja alisema kiwiko, kijana aliyempokea kutoka bara akaandika kiwiko, eksirei ikapigwa ya kiwiko anachokijua yeye, ikaonekana safi, mama akapewa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani. Alifika kwetu baadaye na mfupa wa kigasha uliovunjika karibu kabisa na kiganja, umeshaanza kuunga vibaya. Kila mmoja alikuwa amesema neno sahihi, na mfupa ukaunga upande.

Tangu zamani nimekuwa nikiwafundisha wauguzi wapya kwamba jina la kiungo liandikwe pamoja na kidole cha mgonjwa. Yaani mgonjwa aguse, nawe uandike alipogusa. Anayeona aibu kugusa mbele ya watu avutiwe pazia.

Kuna na vitenzi. Kwenye chumba cha kupima presha nesi anasema, "Kunja mkono, mama," akitaka mkono wa gauni upandishwe juu. Mama anakunja mkono wenyewe, ngumi inafika begani. Mkono wa nguo na mkono wa mwili tumevipa jina moja na kitenzi kimoja. Na "toa mkono" ndiyo kabisa! Nikiwa nimeinamia plasta iliyo mbichi namwambia ndugu wa mgonjwa, "Toa mkono," nikimaanisha auondoe. Yeye ananyoosha wake anipe, kwa sababu kutoa mkono kwa mtu aliyelelewa vizuri ni kusalimia. Siku hizi nasema "ondoa" na "nipe", mambo yakaisha.

Neno ninalolichunga kuliko yote ni "nyoosha mkono", hasa kwa watoto. Kivi cha mtoto kikivunjika, tunahitaji kujua kama anaweza kukinyoosha. Mwambie mtoto wa darasa la pili, "Nyoosha mkono," naye ataunyanyua juu kama anaomba kujibu swali, huku machozi yanamtoka, maana ameambiwa na mkubwa na hawezi kukataa. Umemtesa bure na jibu hukulipata. Mimi huuweka mkono wangu mezani, nikaunyoosha taratibu na kumwambia, "Fanya kama mimi, ukiona panauma acha." Mtoto ataiga mpaka anapoweza.

Na hapo pa kivi cha mtoto sipapiti upesi, kwa sababu mfupa wa juu ukivunjika karibu na kivi, mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu inapita jirani kabisa na ncha za mfupa. Mkono unaweza kuvunjikia kwenye kivi, hatari ikaonekana vidoleni. Natafuta mapigo ya damu kwenye kifundo, naangalia vidole kama vina joto na rangi yake, kisha namwambia afanye duara kwa gumba na kidole cha shahada. Akishindwa kuzikutanisha ncha na badala yake vidole vikalala bapa, mshipa mmoja wa fahamu umeguswa, na daktari anatakiwa ajue kabla hatujafunga chochote. Mchezo wa duara watoto wanaupenda. Mmoja alinifanyia duara akanichungulia kupitia hapo, na wakati huo kivi chake kimevimba kama embe.

Wazee wa bahari na wakwezi wana matumizi mengine ya mkono ambayo nimejifunza kuyaheshimu. Ukimwuliza mkwezi ameanguka kutoka juu kiasi gani, hakupi mita. Anakwambia pima mbili, pima tatu. Kabla ya futi na mita, mwili ndio ulikuwa rula. Shibiri ni kutoka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho ukitanua kiganja. Shibiri mbili ni mkono mmoja, yaani dhiraa, kutoka kivi mpaka ncha ya kidole cha kati. Ukikunja ngumi ukapimia hapo, hiyo ni dhiraa konde, ni fupi kidogo. Mikono minne ni pima moja, sawa na mtu mzima akitanua mikono yote miwili, kama futi 6. Basi mtu akiniambia ameanguka pima tatu, najua ni zaidi ya mita 5. Hata kama analalamikia mkono tu, tunamlaza, tunamwangalia uti wa mgongo, nyonga na visigino kabla ya kuushughulikia mkono. Wapo vijana kazini wanaosikia "pima tatu" wakaandika "ameanguka mnazini" na kuacha kipimo. Kipimo hicho ndicho kilichopaswa kuandikwa kwanza.

Halafu wanakuja wenye "mkono umekufa". Kufa huku ni kwingi. Kuna anayemaanisha ganzi, kuna anayemaanisha hauna nguvu, kuna anayemaanisha umepooza. Kina mama wanaosuka ukili wa mikeka na mafundi cherehani wa Ngamiani huniambia mkono unakufa usiku, wanaamka wanaukung'uta. Huwa nauliza kidole kwa kidole. Kama ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, mara nyingi mshipa wa fahamu unabanwa pale kwenye kifundo, na kukilaza kifundo kimenyooka kwa kukifunga kibao laini usiku humsaidia mtu sana. Kama ganzi iko kwenye kidole cha mwisho na nusu nyingine ya cha pete, shida aghalabu iko juu, kwenye kivi. Fundi mmoja alikuwa akiegemeza kivi kwenye ukingo wa meza siku nzima. Mgonjwa ataendelea kusema mkono umekufa, wala simkatazi. Ni juu yangu kuuliza umefia wapi.

"Mkono mzito" unanitia hofu. Mitaani mkono mzito ni wa mtu mgumu kutoa, ndugu yake yule tunayemwita mkono wa birika. Lakini mtu mzima akiamka alfajiri akasema mkono wa upande mmoja umekuwa mzito, msimwambie ameulalia vibaya. Mwambieni acheke, muone kama mdomo umekwenda upande. Mwambieni ainue mikono yote miwili, muone kama mmoja unashuka wenyewe. Msikilizeni anavyosema. Chochote kati ya hivyo kikionekana, ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo, na safari ni sasa hivi, hakuna cha kusubiri chai wala kumkanda kwa maji ya moto. Vivyo hivyo maumivu ya mkono wa kushoto yanayotokea kifuani na kupanda tayani, na jasho likamtoka mtu ametulia tu: huo ni moyo unaoongea kupitia mkononi. Nimeona familia zilizopaka mafuta ya karafuu mkononi usiku kucha.

Darasani tulifundishwa maswali ya mwili tu, hakuna aliyetufundisha kuuliza mgonjwa ni wa mkono gani. Mwanzoni nilidhani ni suala la kuandika na kula. Huku kwetu kulia na kushoto ni mpaka mkubwa. Wa kuume unakulia, unapokelea, unasalimia, unamshika nao mtoto kichwani kumwombea dua. Wa kushoto una kazi yake ya chooni. Kwa hiyo kumfunga mtu hogo la kulia ni kumwondoa kwenye sinia la wenzake, na kumfunga la kushoto ni kumpa mtihani wa kustanji ambao hatakuambia mbele ya watu. Inabidi uanze wewe, kwa sauti ya chini, mmebaki wawili. Wengi wanashukuru umeuliza. Na wanaoswali huuliza kuhusu udhu. Mimi nawaambia upande wangu tu, kwamba plasta isiloe, ikiloa inalegea na ngozi ya ndani inaharibika. Upande wa ibada wakamwone sheikh, ambaye huwaelekeza namna ya kupangusa juu ya kilichofungwa kwa mkono wenye majimaji, na kama kunahitajika kutayamamu. Hajapata kutokea sheikh aliyemwambia mgonjwa wangu aitumbukize plasta kwenye maji.

Bibi mmoja wa Makorora alivunjika kigasha cha kulia pale karibu na kifundo. Mfupa ulirudishwa vizuri, tukawa tunamfunga. Plasta ukiichovya na kuizungusha hupata joto inapokaza, na watu wengi hushtuka. Yeye hakushtuka. Alikuwa analia kwa jambo jingine.

"Bibi, panauma?"

"Hapaumi, mwanangu. Wifi yangu wa Pangani amefariki jana. Nitakwendaje kutoa mkono wa pole na mkono huu?"

"Si utawapa wa kushoto, bibi, watakuelewa," akasema mwanafunzi aliyekuwa ananishikia.

Bibi alimtazama yule binti kwa huruma. "Mkono wa pole hautolewi kushoto, mwanangu. Hata kama wataelewa wao, mimi je?"

Nilimwonesha tunapoishia. Plasta ya kifundo haifiki vidoleni. Upande wa kiganja inakomea kwenye ule mkunjo wa chini ya vidole, upande wa juu nyuma tu ya vifundo vya ngumi, makusudi, ili vidole vyote vikunjike na gumba liweze kukutana na kidole cha mwisho. Nikamwambia atatoa vidole, na wafiwa wavipokee vidole, huo ni mkono wa kulia kamili. Nikamwambia pia asiuninginize njia nzima, auweke kwenye kitambaa shingoni, kiganja kikae juu kidogo ya kivi, na avichezeshe vidole kila mara. Kama vitavimba, vikawa baridi, vikabadilika rangi au maumivu yakazidi badala ya kupungua, asingoje matanga yaishe. Pete yake ya fedha tulikuwa tumeshaivua kwa sabuni alipofika tu, kabla vidole havijajaa. Akaifunga kwenye pindo la kanga na kuniuliza basi la Pangani linaondoka saa ngapi.

Alipokuja kuangaliwa aliniambia walimpokea kwa mikono miwili, chini na juu ya vidole vyake, na kila aliyempa makiwa alimpa na pole ya mkono.

Tangu yeye, nikimfunga mtu namwuliza juma hili ana shughuli gani. Si umbea. Kuna bwana harusi aliyetaka plasta ikatwe siku moja kwa ajili ya kushikana mkono na walii. Mfupa ulikuwa na siku chache tu, na kigasha cha mtu mzima huhitaji kama wiki 6. Akaenda kuuliza, akaambiwa ndoa inafungwa kwa maneno ya kuozesha na kukubali, kushikana mikono ni desturi iliyozoeleka. Alioa na hogo lake.

Mara moja moja neno hili linatuletea kicheko nasi tunakihitaji. Novemba 2023, baada ya Yanga kuifunga Simba 5 kwa 1, korido nzima ilikuwa "tumewapiga mkono, tumewapiga mkono", mabao matano kwa vidole vitano. Mtoto mmoja mwenye hogo la mpaka juu ya kivi akanishika gauni akauliza hao waliopigwa mikono watafungwa saa ngapi.

Ila pana sehemu ambapo upana wa neno unamgharimu mtu maisha yake yote, nayo ni kwenye karatasi. Mkoa huu ulijengwa na mkonge, tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, na mashine ya kukamua majani yake mpaka zibaki singa, wafanyakazi wanaiita korona, jina walilokuwa nalo zamani sana kabla ya ugonjwa ule. Mikono ya watu imefanya kazi karibu na mashine za namna hiyo miaka yote. Mzee mmoja alikuja kwangu kuomba nimsomee barua yake. Alikuwa amepoteza vidole vitatu na nusu ya kiganja. Karatasi aliyoandikiwa na mtu aliyempokea siku ile ilisema: "Ameumia mkono." Maneno mawili, na kila alikokwenda nayo walimwuliza ameumiaje, upande gani, kiasi gani.

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 ipo, na mfuko wake upo, lakini ulemavu wa kudumu hupimwa kwa kiasi. Aliyekatika ncha ya kidole, aliyekatika gumba, aliyekatwa juu ya kivi, hawa hawapimwi sawa, na ni haki wasipimwe sawa. Gumba pekee linabeba sehemu kubwa ya kazi ya kiganja, bila hilo hushiki panga wala kijiko. Sasa mtu wa kwanza aliyeuona mkono ule ungali unavuja damu ndiye aliyeandika neno lisilosema chochote, na jeraha likishapona, mashahidi wakishatawanyika, mzee anabaki kubishana na neno.

Nimewaambia wakubwa zangu na nitaendelea kuwaambia: fomu ya kupokea majeruhi iwe na mchoro wa mkono mzima, wa kulia na wa kushoto, kuanzia begani. Anayepokea atie alama alipogusa mgonjwa, aandike ni mkono wa kulia au wa kushoto, na ni mkono gani mtu huyo anafanyia kazi. Chini aandike neno alilosema mgonjwa mwenyewe kama alivyolisema, kivi au kisukusuku au kiwiko, asilibadilishe. Mchoro ninaoutumia chumbani kwangu niliuchora kwa kalamu ya risasi na kuutoa kivuli, na vituo viwili vya jirani vimeshaomba nakala.